Mvinyo mwekundu wa Cape wenye harufu ya matunda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninamimina mvinyo kwenye mgahawa Dar es Salaam, na chupa inayoniletea maswali kuliko zote ni nyekundu ya Afrika Kusini yenye maandishi Cape Blend, yaani mchanganyiko wa Cape, eneo la mizabibu la huko. Watu wanalipenda jina, wanaipenda rangi, kisha wanapiga funda la kwanza na uso unakunjamana. Mara nyingi kosa si la mvinyo wala la mnywaji. Chupa imeletwa ikiwa na joto, au imewekwa kando ya sahani isiyo yake, au mtu aliambiwa "una matunda" akategemea juisi. Maswali haya nimeyakusanya mezani, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimesimama na chupa mkononi.

Cape Blend ni mvinyo gani hasa?

Ni mvinyo mwekundu uliochanganywa kutokana na aina mbili au zaidi za zabibu, mojawapo ikiwa Pinotage. Hakuna sheria inayosema kiasi gani. Kwa mazoea watengenezaji huweka Pinotage kati ya asilimia 30 na 70, na nafasi iliyobaki huchukuliwa na Cabernet Sauvignon, Merlot, Shiraz au Cinsaut. Ndiyo maana chupa mbili zenye jina hilohilo zinaweza kuwa mbali kama pilau na wali mweupe. Geuza chupa usome lebo ya nyuma, kwa kawaida aina zimetajwa hapo.

Pinotage yenyewe ni zabibu ya Afrika Kusini. Mwaka 1925, Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichavusha Pinot noir kwa Cinsaut. Wakati huo Cinsaut huko iliitwa Hermitage, na majina hayo mawili yakazaa Pinotage. Alipata mbegu 4 tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi. Miaka miwili baadaye akahama kikazi, bustani ikamezwa na magugu, na watu wa usafi walikuwa wameshafika kufyeka pale mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alipotokea na kuiokoa miche. Mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulitengenezwa kwenye chuo cha kilimo cha Elsenburg mwaka 1941, na mwaka 1961 jina hilo likaonekana kwenye lebo kwa mara ya kwanza, chupa ya chapa ya Lanzerac. Nikimimina glasi huwa naikumbuka ile miche minne na jembe lililokuwa karibu kuigusa.

Kwa nini wachanganye? Zabibu moja haitoshi?

Inatosha, na iko mivinyo mizuri ya zabibu moja. Lakini kila zabibu ina inachokijua. Pinotage huleta matunda mekundu na meusi pamoja na moshi kidogo. Cabernet Sauvignon huleta uti wa mgongo, ule ukakasi unaoushikilia mvinyo usilegee. Merlot hulainisha, Shiraz huleta pilipili manga, Cinsaut huupunguzia uzito. Kwa kawaida kila aina huchachushwa peke yake, kisha mtengenezaji hukaa mezani na vikombe vya kupimia, akijaribu uwiano huu na ule kwa mililita kabla ya kugusa pipa. Afrika Kusini chupa ikitaja aina moja tu ya zabibu, angalau asilimia 85 ya kilichomo lazima iwe ya aina hiyo.

Mnasema una matunda. Mbona si mtamu?

Kama ningeruhusiwa kujibu swali moja tu, ningejibu hili.

Matunda yanayotajwa kwenye mvinyo ni harufu, si sukari. Zabibu zikikamuliwa, hamira hula sukari yake na kuigeuza pombe. Katika kazi hiyohiyo huzaliwa harufu nyingine nyingi, na kadhaa kati yake ni zilezile zilizomo kwenye matunda tunayoyajua. Ndizi iliyoiva ni mfano ulio wazi. Kemikali inayoipa ndizi harufu yake hutokea pia kwenye Pinotage changa, na hapo hakuna mtu aliyetia ndizi kwenye pipa.

Sukari sasa. Mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, wa Afrika Kusini kwa kawaida hauzidi gramu 5 za sukari kwa lita. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Chukua lita nzima ya maji, tia kijiko kimoja na ziada kidogo, koroga, uonje: utamu utausikia kwa shida. Soda ya kawaida hubeba karibu gramu 100 kwa lita hiyohiyo.

Kwa hiyo pua inasema "zambarau zilizoiva" na ubongo unaandaa utamu, kisha ulimi unakuta uchachu na ukakasi. Huo mshtuko ndio unaokunja uso. Ukishajua kwamba matunda unayapata puani na sukari haipo, funda la pili huwa tofauti kabisa na la kwanza. Nimeliona hili usoni mwa watu mara nyingi mno.

Anayetaka utamu kweli atafute chupa iliyoandikwa kuwa ni tamu, na si aibu kuipenda. Ila asiilaumu chupa kavu kwa kuwa kavu.

Nitauonjaje, hatua kwa hatua?

Mimina kidogo, kama mililita 50, yaani robo ya glasi au pungufu. Glasi ikijaa, harufu haina mahali pa kukaa.

Iinamishe glasi juu ya kitambaa cheupe au karatasi. Cape Blend changa huwa na rangi nzito ya zambarau katikati na ukingo wa waridi unaong'aa. Ukingo ukiwa wa rangi ya tofali, mvinyo umeshakaa miaka mingi.

Nusa kabla ya kuzungusha. Kisha shika mguu wa glasi, izungushe mezani mara tatu nne, unuse tena. Harufu ya pili huwa pana kuliko ya kwanza kwa sababu umeuamsha mvinyo kwa hewa. Usitafute maneno ya kwenye magazeti ya Ulaya. Watu wengi hapa hawajawahi kula blakiberi, lakini wamekula zambarau chini ya mti hadi ulimi ukawa wa bluu, na harufu hiyo imo. Imo fursadi. Imo choya iliyochemshwa na karafuu. Mara nyingine imo ganda la mdalasini, kahawa iliyokaangwa, moshi wa mkaa, ngozi ya kiatu kipya. Sema ulichokutana nacho maishani mwako.

Sasa piga funda na ulizungushe mdomoni polepole, lifike hadi kwenye ufizi. Sikiliza vitu vitatu. Kwanza uchachu, ule unaotoa mate pembeni mwa ulimi kama ukwaju. Pili ukakasi, ule unaokausha ufizi kama umeng'ata bibo au ndizi mbichi. Unatokana na tanini iliyomo kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kiasi kwenye mapipa ya mwaloni. Tatu joto la pombe linaloshuka kooni. Mvinyo mzuri wa aina hii haukuachi ukilisikia moja tu kati ya hayo.

Meza au tema, kisha hesabu kimyakimya. Ladha ya matunda ikibaki hadi ukafika kumi, mikononi una chupa nzuri.

Nimenusa lakini sipati kitu. Pua yangu ni mbovu?

Hapana. Pilipili manga ya kwenye Shiraz hutokana na kemikali iitwayo rotandoni, ambayo imo pia kwenye pilipili manga yenyewe. Watafiti wa Australia waliitambua mwaka 2008, wakakuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 haisikii kabisa. Watu wawili wenye afya njema wanaweza kunusa glasi moja na wote wakasema kweli.

Zoezi ninalowapa wageni ni kwenda jikoni. Fungua kopo la karafuu, nusa, funga. Fungua iliki. Fungua pilipili manga. Kisha rudi kwenye glasi. Pua hutambua haraka kitu ilichokutana nacho muda mfupi uliopita.

Nimesikia mvinyo mwekundu haupaswi kuwekwa kwenye friji. Ni kweli?

Kwa Dar, Mombasa, Zanzibar au popote penye joto letu, si kweli, na ushauri huo umeharibu jioni nyingi. "Joto la chumba" linalotajwa kwenye vitabu ni la nyumba za Ulaya za zamani, nyuzi 16 hadi 18. Chumba changu mwezi wa pili kina nyuzi 30.

Jioni moja, nikiwa bado mgeni kazini, nilichukua chupa kwenye rafu iliyokuwa ukutani upande wa pili wa jiko. Sikuigusa tumboni, niliishika shingo tu. Mzee mmoja akaonja, akaweka glasi chini akasema, "Kijana, hii ni spiriti." Alikuwa sahihi. Mvinyo ukipata joto, pombe yake huruka haraka na kutangulia puani, na matunda yote yanafunikwa. Niliomba radhi, nikaitumbukiza chupa kwenye ndoo ya barafu na maji, nikawaletea mishkaki wakati wanasubiri. Dakika kumi na tano baadaye nikammiminia tena kutoka chupa ileile. Akanusa kwa muda mrefu, akamsogezea mkewe glasi: "Hebu sikia, zambarau." Tangu siku hiyo sijapeleka chupa nyekundu mezani bila kuishika tumboni.

Mchanganyiko huu wenye harufu ya matunda unakaa vizuri kwenye nyuzi 14 hadi 16. Weka friji kama saa nzima kabla ya kula, au ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu kwa dakika 15. Usiweke barafu kavukavu bila maji, kwa kuwa haiigusi chupa sawasawa. Huna kipimajoto? Chupa iwe na ubaridi wa maji ya mtungi, si wa soda. Ikipoa kupita kiasi harufu inalala na ukakasi unakaza. Ikifika hapo iache mezani tu.

Lazima niwe na glasi maalumu?

Inatosha yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Bilauri iliyonyooka hupoteza harufu. Isiwe na harufu ya sabuni wala ya kabati, kwa hiyo isuuze kwa maji matupu na uikaushe kwa kitambaa safi.

Chupa ya kifuniko cha kuzungusha ni ya bei ndogo, ya kizibo ndiyo nzuri?

La. Afrika Kusini mivinyo mingi mizuri inayokusudiwa kunywewa ikiwa michanga hufungwa kwa kifuniko cha kuzungusha, na ni salama zaidi. Kizibo cha gome kinaweza kuuharibu mvinyo, ukanuka boksi lililolowa mvua. Ukikutana na harufu hiyo irudishe chupa bila woga. Mhudumu anayejua kazi yake hatabishana.

Nyama choma inaendana nao?

Hapa ndipo nyumbani kwake. Afrika Kusini wenyewe huunywa kando ya moto, na soseji za boerewors na nyama ya kondoo juu ya makaa. Mafuta na protini ya nyama huishika tanini kabla haijakausha ufizi, chumvi huubembeleza uchachu, na ule moshi wa Pinotage unakutana na moshi wa mkaa.

Fanya jaribio hili ukiwa na ubavu wa mbuzi. Piga funda kabla ya nyama, usikilize ukakasi. Tafuna kipande chenye mafuta na chumvi, kisha piga funda la pili. Mvinyo utakuwa umelainika kana kwamba umebadilishiwa chupa.

Kachumbari haina shida, nyanya na ndimu zinaenda sambamba na uchachu wake. Pilipili mbichi iweke pembeni, sababu inafuata. Mishkaki iliyolazwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi huenda vizuri pia, hasa ile iliyoungua kidogo kwenye kona.

Na pilau? Biriani?

Pilau ya nyama naiweka juu kuliko hata nyama choma. Karafuu, mdalasini, iliki, bizari nzima, pilipili manga: nusu ya maneno tunayoyatumia kuelezea mvinyo huu yamo kwenye sufuria. Chagua chupa yenye Shiraz ndani yake, na kama mpishi amekaanga vitunguu hadi vikawa kahawia iliyoiva, utamu wa vitunguu unayainua matunda.

Biriani inategemea pilipili. Pombe huufanya mdomo uwe mwepesi zaidi kuhisi moto wa pilipili, na tanini inaongeza mkwaruzo juu yake. Mvinyo wa asilimia 14 na rojo kali la biriani vitapigana, na utakayeumia ni wewe. Rojo likiwa la wastani, mtindi ukionekana, endelea. Likiwa la moto wa kutoa machozi, kunywa kitu baridi kisicho na pombe kali.

Walio na asili ya Malay kule Cape wana bobotie, nyama ya kusaga yenye bizari na zabibu kavu, iliyofunikwa kwa yai na maziwa na kuokwa. Ni viungo vilivyopita bahari ileile iliyoleta vya kwetu, na mezani bobotie na pilau humtendea mvinyo huu kindugu.

Samaki je?

Samaki wa kupaka, hapana. Nazi na ukwaju hazina ugomvi mkubwa, tatizo ni samaki. Mvinyo mwekundu una madini ya chuma, na yakikutana na mafuta ya samaki huzuka shombo linalokaa mdomoni. Nimeona watu wakimlaumu mvuvi bure. Jodari wa kuchoma aliyenyunyiziwa pilipili manga hustahimili, endapo chupa ni nyepesi na imepoa vizuri. Kwa changu, kamba na pweza, chukua nyeupe.

Kitimoto, kuku, mboga?

Kitimoto ya kukaanga na ndizi ni rafiki mkubwa wa mvinyo huu. Mafuta yanaomba uchachu, na nyama ya nguruwe hupenda matunda. Kuku wa kuchoma, sawa. Kuku wa mchuzi mwepesi huzidiwa nguvu.

Kwa asiyekula nyama, maharage yaliyoungwa kwa nyanya yanafaa, na uyoga wa kukaanga unafaa zaidi. Mboga chungu kama mnavu huongeza uchungu wa tanini, afadhali mchicha.

Chokoleti na vitu vitamu?

Siipendekezi. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo hugeuka siki mdomoni. Kashata, visheti na halua vinataka kahawa chungu, ambayo wazee wa pwani walishaipatia jibu kabla yetu. Kama lazima iwe mvinyo, tafuta mtamu, mfano Dompo ya Dodoma.

Kwani nyekundu za Dodoma haziwezi kukaa nafasi ya Cape Blend?

Zinaweza, na ninawaomba wateja wangu wazijaribu. Zabibu zilipelekwa Dodoma na wamisionari wa Kitaliano waliozipanda Bihawana, na leo kuna Shiraz, Cabernet Sauvignon na nyekundu ya Makutupora. Nchi ni kavu, mwinuko ni zaidi ya mita 1,000, na mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Cape haliwezekani kwa sababu majira ya baridi huulaza. Kwenye pilau na kitimoto zimiminie kwa ujasiri, kwa masharti yaleyale ya ubaridi.

Nina wageni wasiokunywa pombe. Nifanyeje?

Waheshimu tangu jikoni. Nyama ikichemshwa na mvinyo kwa saa moja bado hubaki na karibu robo ya pombe iliyotiwa, kwa hiyo usidanganyike kwamba "imeungua yote". Pika sufuria yao bila mvinyo, au usitie kabisa.

Mezani wape choya baridi iliyochemshwa na karafuu na kipande cha mdalasini, isitiwe sukari nyingi. Ina rangi, ina uchachu, ina ukakasi kidogo, na kwenye pilau inafanya kazi karibu ileile. Itie kwenye glasi ya mguu kama za wengine.

Ninunue chupa ngapi?

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150, au vionjo 15 vya mililita 50. Kwa watu 6 wanaokula, chupa 2 hadi 3. Weka maji mezani, nyingi ya chupa hizi zina pombe kati ya asilimia 13.5 na 14.5, na anayeendesha gari asihesabiwe.

Chupa imebaki nusu. Nimwage?

Usimwage. Ifunge, iweke friji ikiwa imesimama, inywe ndani ya siku 3 au 4. Hewa ndiyo inayoiua, na baridi hupunguza kasi yake. Kama una chupa ndogo ya soda iliyooshwa vizuri, jaza mvinyo mpaka juu kabisa pasibaki nafasi, ufunge. Hapo utakaa vizuri zaidi. Itoe friji dakika 20 kabla ya kula, na ukikuta matunda yamefifia kesho yake, bado inafaa kwenye rosti ya nyama ya ng'ombe.